Dawa ya uchungu wa kuzaa: Je, yaweza kumsaidia mtoto mwenye usonji?

Kina mama wengi waliojifungulia hospitalini wamewahi kutiwa dawa iitwayo oksitosini, ingawa huenda hawalijui jina lake. Ndiyo ile inayotiwa katika dripu wakati uchungu wa kuzaa unapochelewa au kulegea. Ndiyo pia ile sindano ambayo mama hudungwa pajani mara tu mtoto anapotoka, ili damu isimwagike kupita kiasi. Katika vyumba vya kujifungulia dawa hii ni ya kila siku, na wauguzi huiweka ndani ya friji.

Jambo ambalo wengi hawajalisikia ni kwamba kwa zaidi ya miaka 20 sasa wanasayansi wamekuwa wakiichunguza dawa hiyo hiyo kwa shughuli nyingine kabisa. Wamekuwa wakiwapulizia puani watoto na watu wazima wenye usonji, yaani otizimu, ili kuona kama itawarahisishia kutazamana na wenzao, kutambua hisia zao na kuchangamana nao.

Habari za utafiti huo huwafikia wazazi nusunusu. Mmoja husikia kwamba kuna "homoni ya upendo" inayoponya usonji. Mwingine huonyeshwa chupa ya kupuliza puani na kuambiwa atoe pesa. Wa tatu hukosa usingizi akiwaza kuwa huenda ile dripu aliyotiwa siku ya kujifungua ndiyo iliyomletea mtoto wake shida. Makala haya yanaeleza wazo hilo lilitoka wapi, limepimwa namna gani, na mzazi afanye nini leo.

USONJI NI NINI?

Usonji si ugonjwa wa kuambukizwa. Si laana, si uchawi, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni namna tofauti ambayo ubongo wa mtoto hukua, na tofauti hiyo huanza mapema sana, aghalabu kabla ya mtoto kuzaliwa. Aliyeieleza kwa kirefu katika maandishi ya kitaalamu ni Daktari Leo Kanner wa Marekani, mwaka wa 1943, alipoandika habari za watoto 11 aliowachunguza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka wa 2021 takriban mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji.

Dalili zake huwekwa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ugumu wa kuwasiliana na kuchangamana na watu. Mtoto huenda asigeuke anapoitwa jina, asimtazame anayezungumza naye, asinyooshe kidole kuonyesha kitu kilichomfurahisha, au akacheza peke yake wenzake wakiwa karibu. Fungu la pili ni kurudiarudia mambo: kupunga mikono, kupanga vitu kwa mstari saa nzima, kukataa mabadiliko madogo ya ratiba, au kusumbuliwa mno na kelele, mwanga au nguo fulani.

Watoto wenye usonji hawafanani. Mmoja haongei kabisa, na mwingine anaongea sana ila hajui ni lini amwachie mwenzake nafasi. Mmoja anahitaji msaada wa kuvaa na kula, na mwingine anaendelea vyema hadi chuo kikuu. Kumbuka jambo hili la kutofanana, kwa sababu tutalihitaji tutakapofika kwenye matokeo ya majaribio.

Utafiti wa oksitosini ulilenga hasa fungu la kwanza, yaani ule ugumu wa kuchangamana.

KAZI YA OKSITOSINI MWILINI

Oksitosini ni homoni, yaani kitu ambacho mwili wenyewe hutengeneza ili kupeleka habari kutoka sehemu moja hadi nyingine. Hutengenezwa katika sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi, kisha huhifadhiwa katika tezi ya pituitari na kuachiliwa kwenye damu inapohitajika. Wanawake wanayo na wanaume pia wanayo.

Mwaka wa 1906 mtaalamu wa Uingereza, Henry Dale, alitambua kuwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi hiyo hufanya tumbo la uzazi la paka kukaza. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuzaa upesi. Mwaka wa 1953 Vincent du Vigneaud wa Marekani alifaulu kuitengeneza katika maabara kwa kuunganisha asidi za amino tisa, na mwaka wa 1955 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Mama aliyenyonyesha anazijua kazi za homoni hii kwa mwili wake mwenyewe. Mtoto anapoanza kunyonya, oksitosini huachiliwa na maziwa hushuka. Wakati mwingine kilio cha mtoto pekee chatosha maziwa kuanza kutiririka kabla hajawekwa kifuani. Siku za kwanza baada ya kujifungua, mama huhisi tumbo likimkata anaponyonyesha. Hiyo pia ni oksitosini inayolirudisha tumbo la uzazi katika hali yake.

Ona kwamba kilio ni sauti tu, lakini sauti hiyo imepita masikioni, ikafika kwenye ubongo, na ubongo ukaachilia homoni. Basi tayari hapa kuna uhusiano kati ya homoni hii na jinsi kiumbe mmoja anavyomwitikia mwenzake.

Jambo jingine la kujua ni kwamba oksitosini haikai katika damu. Baada ya dakika chache nusu yake huwa imekwisha kuvunjwavunjwa. Ndiyo sababu mama aliye katika uchungu hutiwa dripu inayoingia polepole kwa saa kadhaa.

WAZO LA USONJI LILITOKA WAPI?

Wazo hili lilianzia kwa panya. Katika nyika za Marekani kuna aina ya panya wadogo ambao dume na jike hukaa pamoja na kulea watoto wao pamoja. Binamu zao wanaoishi milimani hawana desturi hiyo, kwani wakishapandana kila mmoja hushika njia yake. Katika miaka ya 1990 watafiti kama Sue Carter na Thomas Insel walichunguza tofauti hiyo, wakaona kuwa oksitosini inahusika. Panya jike wa nyikani aliyetiwa homoni hiyo kwenye ubongo aliambatana na dume upesi zaidi.

Mwaka wa 1998 watafiti wa Marekani walipima damu ya watoto wa kiume na kuona kuwa, kwa wastani, waliokuwa na usonji walikuwa na oksitosini kidogo kuliko wenzao. Mwaka wa 2005 nalo jaribio la Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, likavuma kote duniani. Vijana wa kiume waliopuliziwa oksitosini puani, kisha wakacheza mchezo wa kukabidhiana pesa, walionekana kumwamini zaidi mtu wasiyemjua.

Kuanzia hapo wengi waliunganisha mambo haya matatu: homoni inawaunganisha panya, inaongeza kuaminiana kwa binadamu, na watoto wenye usonji wanaonekana kuwa nayo kidogo. Basi kwa nini wasipewe ile iliyopungua? Wazo hilo lilikuwa la busara. Lakini wazo la busara bado si dawa, na lilistahili kupimwa.

MAJARIBIO YA KWANZA YALILETA MATUMAINI

Mwaka wa 2003 madaktari wa New York waliwatia watu wazima 15 wenye usonji oksitosini kwa dripu, na tabia za kurudiarudia mambo zikapungua kwa muda. Mwaka wa 2010 watafiti wa Australia waliwapulizia puani wavulana 16 wa kati ya miaka 12 na 19, na baadaye wavulana hao wakatambua vizuri zaidi hisia za watu kwa kutazama picha za macho yao. Mwaka huo huo watafiti wa Ufaransa waliona matokeo ya kutia moyo kwa watu wazima 13 katika mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta.

Mwaka wa 2016, tena Australia, watoto 31 wa kati ya miaka 3 na 8 walipewa dawa hiyo kwa majuma matano, na wazazi wakasema watoto wamechangamka zaidi. Mwaka wa 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza kuwa kati ya watoto 32, walionufaika zaidi ni wale ambao damu yao ilikuwa na oksitosini kidogo tangu mwanzo.

Magazeti ya ulaya na Marekani yalijaa habari hizo. Lakini ukiyatazama majaribio hayo kwa makini utaona mambo mawili. Kwanza, waliojaribiwa walikuwa wachache mno: 13, 15, 16, 31, 32. Pili, mengi yalipima jambo la muda mfupi katika chumba cha utafiti. Mtoto kutambua macho ya huzuni katika picha ni hatua moja. Mtoto huyo kucheza na wenzake uani jioni ni jambo jingine.

KWA NINI IDADI NI MUHIMU

Tuchukue mfano wa mkulima. Mtu akikuuzia mbolea mpya, ukaitia kwenye mashina matano ya mahindi na kuyaacha mengine matano bila mbolea, huenda yale matano yakastawi zaidi. Je, ni mbolea? Au ni kwa sababu yalikuwa karibu na mtaro wa maji? Huwezi kujua. Lakini ukigawa shamba la ekari kadhaa kwa kura, sehemu hii ipate na ile isipate, na mwaka ukaisha sehemu zote mbili zimetoa magunia sawa, basi jibu umelipata.

Katika dawa kuna kikwazo cha ziada ambacho mahindi hayana, nacho ni matumaini. Mzazi anayeamini kuwa mtoto wake anatibiwa humtazama kwa jicho jipya. Huongea naye zaidi, hungoja jibu, na kila ishara ndogo huiona. Isitoshe, watoto hukua. Katika miezi sita mtoto yeyote hujifunza mambo, apewe dawa au asipewe. Kwa sababu hii jaribio la haki ni lazima liwe na kundi linalopewa dawa tupu, yaani chupa inayofanana na ile ya kweli kwa kila hali ila haina dawa ndani yake. Mzazi asijue mtoto wake yuko kundi gani, na daktari anayempima asijue.

Wazazi wa watoto wenye usonji wamewahi kupitia jambo kama hili. Mwaka wa 1998 madaktari wa Marekani waliandika kuwa watoto watatu walianza kuongea na kutazamana na watu baada ya kutiwa sekretini, homoni nyingine inayohusika na usagaji wa chakula. Wazazi wengi wakaitafuta kwa udi na uvumba. Mwaka wa 1999 jaribio la haki lilifanywa kwa watoto 60. Waliopata sekretini hawakuwapita waliopata maji ya chumvi. Cha kushangaza, hata baada ya kuelezwa matokeo hayo, asilimia 69 ya wazazi wa watoto hao walisema bado wana haja na sekretini. Hatuwacheki wazazi hao, kwani anayetafuta njia kwa ajili ya mtoto wake haachi kwa urahisi. Lakini matumaini hayo ndiyo mtaji wa matapeli.

JARIBIO KUBWA LA 2021

Kwa oksitosini, jaribio la shamba zima lilifanywa Marekani chini ya uongozi wa Daktari Linmarie Sikich wa Chuo Kikuu cha Duke. Matokeo yalichapishwa mwezi wa Oktoba 2021. Watoto na vijana 290 wenye usonji, wa kati ya miaka 3 na 17, walipangwa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipuliziwa oksitosini kila siku, kiasi kilicholengwa kikiwa yuniti 48 kwa siku. Kundi la pili lilipuliziwa dawa tupu. Waliendelea hivyo kwa majuma 24, karibu miezi sita.

Kipimo kilichotumiwa kilikuwa orodha ya maswali kuhusu mtoto kujitenga na watu. Alama zake huanzia 0 hadi 39, na zikishuka maana yake ni kwamba mtoto anajitenga kidogo kuliko awali. Mwisho wa jaribio alama za kundi la oksitosini zilikuwa zimeshuka kwa wastani wa 3.7. Za kundi la dawa tupu zilikuwa zimeshuka kwa 3.5. Kwa maneno mengine, watoto wa makundi yote mawili walisonga mbele kidogo, na walisonga kwa kiasi kimoja. Oksitosini haikuongeza kitu.

Hilo si jaribio pekee. Japani, mwaka wa 2020, wanaume 106 wenye usonji walipewa dawa hiyo kwa majuma sita, na katika kipimo kikuu cha kuchangamana hawakuwashinda waliopata dawa tupu. Ubelgiji, mwaka wa 2023, watoto 80 wa miaka 8 hadi 12 walipewa kwa majuma manne, na matokeo katika kuchangamana yakawa hayo hayo. Australia, mwaka wa 2023, watoto 87 wa miaka 3 hadi 12 walipewa kwa majuma 12. Kwa jumla hakukuwa na faida. Hata hivyo, wazazi wa watoto wa miaka 3 hadi 5 waliopata dawa walisema waliona nafuu kuliko wenzao wa dawa tupu. Hiyo ni ishara ya kufuatwa kwa jaribio jingine kubwa linalohusu umri huo pekee. Si ruhusa ya kuanza kuinunua.

Hata misingi ya wazo lenyewe imetikisika. Jaribio la kuaminiana la mwaka wa 2005 lilirudiwa mwaka wa 2020 kwa watu 677, na oksitosini haikuongeza imani. Mwaka wa 2023 watafiti wa Marekani walieleza kuwa wamezalisha panya wa nyikani ambao miili yao haiwezi kabisa kuipokea oksitosini. Panya hao waliambatana wawili wawili kama kawaida.

KWA NINI HAIKULETA MATOKEO?

Wataalamu wanatoa sababu kadhaa. Ya kwanza ni njia ya kufika kwenye ubongo. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi ambacho homoni hii hukipita kwa shida sana. Kupuliza puani kulichaguliwa kwa kutumaini kuwa kutapitia njia ya mkato, lakini kiasi kinachofika ni kidogo mno, na wataalamu wanabishana kama chatosha.

Ya pili ni kule kutofanana tulikokutaja mwanzoni. Ikiwa watoto 290 wana usonji kwa sababu mbalimbali za ubongo na nasaba, si rahisi dawa moja iwafae wote. Watafiti wengine sasa wanatafuta njia ya kutambua mapema kikundi kidogo ambacho huenda kikanufaika.

Ya tatu ni kuwa jina la "homoni ya upendo" lilipotosha wengi. Mwaka wa 2009 watafiti wa Israeli waligundua kuwa watu waliopuliziwa oksitosini walizidisha wivu na furaha ya kuona mwenzao ameshindwa. Yaonekana homoni hii huukuza uzito wa mambo ya watu, yawe mema au mabaya. Kwa mtoto ambaye tayari anateswa na wenzake shuleni, kuukuza uzito huo si lazima kuwe heri kwake.

MASWALI YANAYOULIZWA NA WAZAZI

Je, dripu ya uchungu ndiyo iliyomletea mtoto wangu usonji?

Swali hili lina msingi wake. Mwaka wa 2013 utafiti uliotumia kumbukumbu za watoto zaidi ya 600,000 waliozaliwa katika jimbo la North Carolina, Marekani, ulionyesha kuwa usonji ulionekana kidogo zaidi kwa watoto ambao uchungu wa mama zao ulianzishwa au kuongezwa hospitalini. Lakini mama hatiwi dripu bila sababu. Huenda ana kisukari, ana shinikizo la damu, au mimba imepitiliza siku zake, na huenda sababu hizo ndizo zenye uhusiano na usonji. Mwaka wa 2016 watafiti waliotumia kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni 1.3 wa Uswidi walilinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja ambaye mama yake alianzishiwa uchungu na mwingine ambaye hakuanzishiwa. Tofauti ilitoweka. Basi, mama, usijilaumu kwa dripu hiyo. Na ukiwa mjamzito leo, usiikatae sindano ya baada ya kujifungua kwa hofu hii. Kuvuja damu baada ya kujifungua huua mama kwa saa chache, na sindano hiyo huokoa maisha.

Nimeonyeshwa chupa ya oksitosini ya kupuliza puani. Ninunue?

Hapana. Oksitosini haijaidhinishwa kuwa tiba ya usonji. Vilevile, dawa hii huharibika kwa joto na hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Chupa iliyosafirishwa kwa vifurushi na kukaa siku kadhaa katika joto la Mombasa au Garissa huenda isiwe na nguvu yoyote, hata kama ilikuwa halisi ilipotoka kiwandani. Nyingine hazijulikani zina nini ndani. Na kwa kuwa homoni hii hukaza tumbo la uzazi, mjamzito hapaswi kuichezea. Ukiuziwa dawa usiyoiamini, piga ripoti kwa Bodi ya Dawa na Sumu.

Kuna dawa yoyote ambayo daktari anaweza kumpa mtoto wangu?

Zipo dawa za kutuliza shida zinazoambatana na usonji. Marekani iliidhinisha risperidoni mwaka wa 2006 na aripiprazoli mwaka wa 2009 kwa ajili ya hasira kali na kujiumiza. Dawa hizo hazimfundishi mtoto kuchangamana, zina madhara kama kunenepa, na hutolewa na daktari bingwa tu. Mtoto mwenye kifafa naye anahitaji dawa zake za kifafa bila kukosa.

BASI MZAZI AFANYE NINI?

Lililo muhimu kwanza ni kutambua mapema. Mpeleke mtoto akaangaliwe ikiwa:

- Amefika mwaka mmoja na hageuki anapoitwa jina, wala habwabwaji.

- Amefika mwaka mmoja na nusu na hanyooshi kidole kuonyesha kitu, wala hana neno hata moja.

- Amefika miaka miwili na haunganishi maneno mawili, kwa mfano "mama maji".

- Alikuwa akiongea au akicheka na watu, kisha akaacha. Hili ni la kushughulikiwa bila kuchelewa, katika umri wowote.

Usikubali kuambiwa ungoje kwa kuwa "wavulana huchelewa kuongea". Anza kwa kupimwa masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia naye hageuki anapoitwa. Kisha uliza kuhusu kituo cha kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalum, vile vijulikanavyo kama EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka wa 1984, na afisa wa elimu wa eneo lako anaweza kukuelekeza kilicho karibu. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE), iliyoko Kasarani, Nairobi, nayo huwatathmini watoto. Ukishapata ripoti, uliza pia kuhusu kumsajili mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Pili, mafunzo. Kinachosaidia kuchangamana, kulingana na ushahidi uliopo, ni kumfundisha mtoto polepole kupitia michezo na shughuli za kila siku, naye mzazi akiwa mwalimu mkuu. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi ya vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani, yaliyokusudiwa hasa nchi zenye wataalamu wachache. Misingi yake ni mepesi, nawe unaweza kuianza leo:

Keti chini uso wako uwe sawa na wake, acha aongoze mchezo, nawe umwige. Akisukuma gari, sukuma nawe. Tumia maneno machache: "Gari. Gari yaenda." Ukimwonyesha kikombe, ngoja. Mpe muda wa kukutazama, kunyoosha mkono au kutoa sauti, kisha mpe upesi na umsifu. Fanya hivyo wakati wa kuoga, wa kula na wa kuvaa, dakika chache kila mara, kila siku. Mtoto asiyeongea afundishwe kuonyesha picha au ishara. Kumpa picha hakumzuii kuongea.

Tatu, wafundishe waliomzunguka. Ugumu wa kuchangamana haumhusu mtoto pekee. Kaka na dada wakijua kuwa kelele humwumiza, mwalimu akijua kuwa kumlazimisha kumtazama machoni kwamtia hofu, na majirani wakiacha kusema kuwa amerogwa, nusu ya mzigo itakuwa imepungua. Watu wazima wenye usonji wanaojieleza wenyewe husema mara nyingi kuwa hawatamani kugeuzwa, bali kueleweka.

UTAKAPOSIKIA HABARI ZA DAWA MPYA

Utafiti wa oksitosini haujafungwa. Bado kuna wanaoichunguza kwa watoto wadogo, na kwa kuiambatanisha na mafunzo. Dawa nyingine pia zitatangazwa. Kila utakaposikia, uliza maswali haya matano:

1. Imejaribiwa kwa watu au kwa wanyama?

2. Waliojaribiwa walikuwa wangapi, na kwa muda gani?

3. Kulikuwa na kundi la dawa tupu, na waliopima walijua nani kapewa nini?

4. Kilichopimwa ni maisha ya kila siku ya mtoto au ni jambo la dakika chache maabarani?

5. Anayenieleza habari hizi ndiye anayeuza dawa yenyewe?

Andika maswali hayo nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, na uende nayo siku ya kumwona daktari. Pesa ambazo ungelipia chupa ya kupuliza zitafaa zaidi kwa nauli ya kwenda kwenye kituo cha tathmini.